SOMO: Mavazi ya Njombe kwa anayehamia kutoka joto, na namna ya kufua sweta la sufu

Wapendwa, hamjambo. Kila ajira zikitoka na watu wakipangiwa vituo, simu yangu inajaa swali lile lile: "Mwalimu, huko Njombe nije na nguo gani?" Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka, sasa nimechoka. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia hili.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilishuka stendi ya Njombe mwezi wa Julai, nimevaa dera na makubazi, mtoto mgongoni kafunikwa kanga moja. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai alijivua shuka lake la begani akamfunika mwanangu kabla hata hajaniuliza natokea wapi. Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa. Nimeolewa hapa, na nimejifunza kuvaa upya kwa kumtazama mamamkwe wangu.

Kwanza ijue hali ya hewa. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mambo ya masika na vuli tuliyoyazoea pwani huku hayapo. Mvua ina msimu mmoja, Novemba hadi Aprili hivi. Mei ikiisha baridi inaingia, na Juni, Julai na Agosti ndiyo yenyewe. Septemba na Oktoba ni jua, upepo na vumbi jekundu. Lakini linalowashinda wageni ni siku moja ya Julai: alfajiri ukungu umeshuka huoni nyumba ya jirani, saa saba mchana jua linachoma unatafuta kivuli, saa kumi na mbili jioni mikono imekufa ganzi tena. Kwa hiyo nguo za huku ni za kuvaa na kuvua, kuvaa na kuvua. Aliyenunua jaketi moja nene na ndani ana kaushi tu, ama anatokwa jasho ama anatetemeka. Katikati hana pa kusimama.

Hatua ya 1. Safarini, sweta na soksi ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiende kwenye buti la basi. Ukipanda mlima wa Kitonga utaanza kuzitafuta.

Hatua ya 2. Usinunue masweta Dar. Njoo na pesa yake. Wauza mitumba wanajua nguo za baridi zinanunuliwa wapi, na belo la masweta likifunguliwa sokoni huku unachagua mpaka unachoka.

Hatua ya 3. Vaa tabaka tatu. Ndani fulana ya pamba ya mikono mirefu, inayobana kidogo. Katikati sweta jembamba la sufu. Juu koti jepesi la kuzuia upepo. Akina mama, chini ya gauni au sketi vaeni taiti nene.

Hapa niseme kuhusu kupendeza, maana wengi wakifika huku wanakata tamaa, wanafunika vitenge vyao vizuri chini ya jaketi jeusi mpaka Septemba. Kitenge kivaliwe! Mwambie fundi aache nafasi ya vidole viwili kwapani na mikononi, sweta jembamba liingie chini ya gauni. Au sweta livaliwe juu, lakini rangi yake itoke kwenye kitenge chenyewe. Usichukue ile rangi kubwa inayoonekana kwanza, tafuta ile ndogo iliyojificha. Mamamkwe ana kitenge cha bluu iliyoiva, na katikati ya maua kuna vidoa vya rangi ya haradali, vidogo kama punje za mtama. Yeye huvaa na sweta la haradali. Jumapili akipita kwenda kanisani na ukungu bado haujaondoka, unaanza kuiona hiyo haradali, ndipo unamwona yeye.

Hatua ya 4. Soksi za sufu, kiatu cha kufunika, na mzula kichwani asubuhi na jioni. Usiku paka mafuta ya mgando kwenye visigino kabla ya soksi, la sivyo magaga yatakupasua.

Hatua ya 5. Kuchagua sufu kwenye rundo. Lebo ikiwepo, soma. Ikiwa imekatwa, muombe muuzaji uvute uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uuwashe kwa kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zinazoungua, na majivu yake yanasagika kwenye vidole. Akriliki, ule uzi wa kiwandani unaofanana na sufu, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu. Kisha linyanyue sweta lielekee kwenye mwanga: matundu ya nondo ni madogo, hayaonekani likiwa limelala. Angalia viwiko na kwapa.

Hatua ya 6. KUFUA. Hii isome yote, usiruke.

Mwaka wangu wa kwanza mamamkwe alinipa sweta lake la sufu, rangi ya maziwa, shingo imefumwa misuko miwili kama ya nywele. Nililivaa wiki tatu. Nikataka kulifua vizuri, kwa heshima yake. Nikachemsha maji, nikamwaga sabuni ya unga, nikaliloweka usiku kucha. Asubuhi nikasugua kola kwa brashi, tukalikamua, mume wangu kashika mkono mmoja na mimi mwingine, nikalianika kwenye kamba juani. Jioni nilipokwenda kulianua lilikuwa nene kama zulia na saizi yake ni ya mtoto wa miaka minne. Misuko ya shingoni ilikuwa imemezwa, huioni. Mamamkwe alilichukua mikononi mwangu, akalikunja taratibu, akasema, "Kesho nitakuonyesha." Hakusema neno jingine. Nililia jikoni.

Alivyonionyesha ni hivi:

Kabla ya kulilowesha, litandaze juu ya mkeka, uweke alama ya chaki kwenye mkeka mwisho wa mikono, mabegani na chini. Chukua beseni la maji ya baridi yaliyovunjwa ubaridi kidogo tu, mkono usihisi joto. Tia kifuniko kimoja cha shampuu ya nywele, maana sufu ni nywele za kondoo, na sabuni ya unga ni kali mno kwake. Geuza sweta ndani nje. Libonyeze chini, liachie, libonyeze, liachie. Dakika kumi zinatosha. Suuza mara mbili kwa maji ya joto lile lile.

USISUGUE. USIKAMUE. USITOE KWENYE MAJI VUGUVUGU UKATIA KWENYE YA BARIDI KALI. Na jiki isikaribie beseni, kwa sababu jiki inaila sufu mpaka inatoboka.

Ukilitoa, lishike kwa mikono miwili kutoka chini, kama unavyomtoa mtoto mchanga kwenye maji. Sufu ikilowa ni nzito, ukiinyanyua kwa mabega inavutika na hairudi. Liweke juu ya taulo kavu, vikunje pamoja kama mkeka, kisha likandamize kwa magoti. Maji yote yanaingia kwenye taulo.

Hatua ya 7. Litandaze kivulini juu ya mkeka ule ule, livute polepole mpaka lifike kwenye alama zako. Julai litachukua siku mbili kukauka. Subiri.

Hatua ya 8. Mvua zikianza na joto likipanda, fua yote, kausha kabisa, funga kwenye mfuko usiopitisha hewa. Nondo hufuata nguo yenye jasho kwanza.

Maswali yaje.

---

Mtoto wa Pwani: Asante mwalimu. Sasa mimi naripoti mwezi wa saba, nije na nguo gani?

Jibu: Hatua ya 1 hadi ya 4.

Kijana wa Mafinga: Mwalimu unatisha watu. Mimi nafulia maji ya moto miaka yote na masweta yangu hayajawahi kurudi hata inchi.

Jibu: Basi ni akriliki, kaka. Choma uzi mmoja, kisha uniambie umenuka nini. Sijaandika kutisha mtu, nimeandika kwa sababu niliharibu kitu ambacho siwezi kukinunua tena.

Kijana wa Mafinga: Nimechoma. Kidonge kigumu.

Jibu: Haya. Endelea na maji yako ya moto, akriliki inavumilia kiasi. Usiipige pasi tu, italala na kung'aa.

Nesi wa Makete: Shikamoo mwalimu. Nina hamu ya kujua, kwa nini sufu inarudi na pamba hairudi kiasi hicho? Na kwa nini sufu inaleta joto hata ikiwa na unyevu? Huku kwetu asubuhi tunakuta sakitu, umande ulioganda, kwenye majani, najaribu kila kitu.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Unywele wa kondoo una magamba madogo sana, yamepangana kama ya samaki, yote yanaelekea upande mmoja. Ukitia maji ya moto na sabuni kali magamba yanafunguka. Ukisugua, unywele huu unaingia kwenye ule, magamba yanashikana, na kila ukisugua yanazidi kusogea. Hayarudi nyuma kwa sababu yanaruhusu kwenda upande mmoja tu. Ndiyo maana sweta langu lilipungua na likawa nene kwa pamoja. Pamba haina magamba.

Kuhusu joto: unywele wa sufu umejikunja kunja, kwa hiyo ndani ya kitambaa hewa inabaki imekamatwa, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoke. Pia sufu inanyonya unyevu mwingi ndani ya unywele wenyewe kabla hujahisi imelowa. Pamba ikilowa inakulalia mwilini na kukupoza. Kwa Makete ninyi wa juu kuliko sisi, ongeza tabaka la nne: sweta jembamba mbili ni bora kuliko nene moja, maana kati yake kuna hewa. Na ukitoka zamu ya usiku, badilisha soksi kabla ya kuanza safari ya nyumbani.

Mama Wawili: Mwalimu nina mtoto wa miezi minne. Jirani amenishauri niwashe jiko la mkaa chumbani usiku, nifunge mlango joto lisitoke. Na nguo zake zikaukie hapo hapo.

Jibu: Hapana. Hapana kabisa, dada. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasinzia na haamki. Jiko libaki nje, na huyo jirani mwambie hivyo hivyo leo.

Mtoto mvalishe pamba kwenye ngozi, sweta jepesi la sufu juu yake, soksi na kofia ukitoka nje. Mchana mbebe mgongoni kwa kitenge, joto lako linamtosha, lakini uso wake usifunikwe. Pima shingoni kwa nyuma: ikiwa na jasho, punguza nguo moja. Mikono yake kuwa baridi peke yake isikutishe. Nguo zake zikigoma kukauka kwa ukungu, zikunje kwenye taulo kama nilivyoeleza hapo juu, zianike saa nne jua linapotoka, kisha zipige pasi. Wangu wawili nimewalea hivyo.

Mama Wawili: Nimekuelewa. Mungu akubariki.

Fundi wa Makambako: Niongeze kwa wateja wetu wanaotuletea vitenge. Kitenge cha pamba kilowekeni maji usiku mmoja, mkikaushe, ndipo mkilete. Tukikata kikiwa kipya, mkifua mara ya kwanza mikono inapanda, lawama kwa fundi. Na mkitaka gauni la kuvalia sweta chini, mje mmelivaa sweta hilo siku ya kupimwa.

Jibu: Fundi, asante sana, hilo la kuja na sweta siku ya kupimwa sikulifikiria. Jamani lisomeni mara mbili.

Mwalimu Mpya: Naweza kutia kwenye mashine ya kufulia?

Jibu: Hapana.

Mwalimu Mpya: Hata ile ya maji baridi?

Jibu: Kama lebo inaruhusu, sawa. Lebo imekatwa? Tumia beseni.

Dereva wa Songea: Dada, sweta langu lina tundu moja la nondo, tumboni. Nitupe?

Jibu: Usitupe. Tafuta uzi wa sufu wa rangi inayokaribiana, chomoa hata kwenye mshono wa ndani wa sweta hilo hilo. Weka balbu iliyoungua au limau gumu chini ya tundu ili kitambaa kikae sawa. Pitisha nyuzi zilizosimama kwanza, uanze mbali kidogo na tundu palipo pazima. Kisha pitisha za kulala, juu ya mmoja na chini ya mmoja, kama anayesuka ukili. Usivute kwa nguvu. Na mengine yaliyokaa nalo kabatini yafungie kwenye mfuko, kama una friza yalaze humo wiki moja, mayai ya nondo yafe.

Nesi wa Makete: Mwalimu, samahani kwa kurudi nyuma. Lile sweta la mama ulilifanyaje?

Jibu: Lilikaa sandukuni mwaka mzima, sikuweza kulitazama. Mamamkwe ndiye aliyelitoa. Sufu iliyojifunga vile ukiikata haichanuki, haihitaji hata kupindwa. Akachora nyayo zangu juu ya mgongo wa sweta kwa chaki, akakata, zikawa soli za ndani za gambuti. Mikono akawakatia watoto. Msimu wa mvua nikienda shule kwenye tope jekundu miguu yangu haipoi.

Dereva wa Songea: Na gambuti likilowa ndani?

Jibu: Toa soli uzianike peke yake. Gambuti lijaze magazeti makavu mpaka puani, ubadilishe mara moja kabla ya kulala. Asubuhi unavaa.