Wingu jeusi la saa tisa si mvua ya kupandia

Ndugu wakulima wa Kongwa, Mpwapwa na Bahi mkoani Dodoma, kila Novemba nakuta kosa lile lile. Mchana jua kali, saa tisa wingu jeusi linapanda, inanyesha nusu saa, ardhi inanukia, na kesho yake alfajiri watu wako shambani wanafukia mahindi. Kisha jua linawaka wiki mbili. Kilo 8 hadi 10 za mbegu kwa ekari zimekwenda, mbolea ya kupandia imekwenda, na anayerudia kupanda Desemba ananunua kwa fedha ya kukopa.

Msimu uliopita nilifukua mashimo kwenye shamba moja, siku ya kumi na moja baada ya mvua ya namna hiyo. Punje zilikuwa zimevimba na kutoa mzizi wa urefu wa ukucha, halafu mzizi ukakauka ukawa kahawia. Mwenye shamba alikuwa amejiandaa kwenda kugombana na muuza pembejeo kwamba kauziwa mbegu feki. Mbegu ilikuwa nzima. Maji ndiyo yaliyoiacha njiani.

Wingu la saa tisa lijueni kwa umbo. Asubuhi huanza kama mafungu ya pamba yenye kitako bapa. Yakibaki mapana kuliko urefu wake, siku hiyo msitegemee kitu. Yakianza kujijenga kwenda juu kama minara kabla ya saa sita, jioni kunaweza kunyesha na kupiga radi. Likikomaa hupita kilomita 10 kwenda juu, kichwa kikatanuka na kuwa bapa kama fuawe ya mhunzi, chini jeusi tii. Linatisha, lakini upana wake mara nyingi ni kilomita chache tu na saa moja hivi humaliza nguvu zake. Ndiyo maana upande mmoja wa barabara mnapita kwenye matope na ng'ambo mnapita kwenye vumbi. Wingu la kupandia halina madoido: kijivu kimetanda anga zima, jua huoni hata lilipo, mvua haina kishindo ila inaendelea saa kadhaa. Zile nyuzi nyeupe kama manyoya, juu kabisa, ni barafu tupu. Mvua yake haifiki shambani.

Mnaposikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, sikilizeni sentensi hadi mwisho. Redio inasema "mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua", mtu anaondoka na neno mvua, "machache" analiacha hapo hapo. Neno hilo ndilo linalokuambia kwamba kijiji chako huenda kikapata na huenda kikakosa. Na utabiri wa msimu ukisema mvua itakuwa juu ya wastani, unazungumzia jumla ya msimu mzima. Hauzuii mvua kukatika siku kumi na tano mwanzoni.

Sasa vipimo, na hapa sitaki makadirio ya "imenyesha sana". Mahindi yanataka angalau milimita 20 ndani ya siku tatu. Mvua ya milimita 10 kwenye udongo wa kichanga inazama kama sentimita 8 hadi 10, na jua na upepo wa Novemba hapa kwetu hunyonya milimita 5 au zaidi kwa siku. Pigeni hesabu wenyewe: siku mbili, imekwisha.

Asiye na kipimamvua atumie chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka. Kata shingo. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo jaza maji hadi pale ubavu unapoanza kunyooka, weka alama: hiyo ndiyo sifuri. Kutoka hapo pima kwa rula, milimita kwa milimita. Ifunge kwenye mti uliochomekwa ardhini, mdomo ukiwa nusu mita hadi mita moja juu, na mbali na nyumba au mwembe mara mbili ya kimo chake. Nimeikuta chupa chini ya mchirizi wa bati, na mwenyewe ananiambia kapata milimita 60! Hayo ni maji ya paa. Soma kila siku saa tatu asubuhi, andika, kisha rudisha maji kwenye sifuri.

Ikifika 20, bado chimba. Sentimita 15 kwenda chini, sehemu tatu za shamba, si pale bondeni tu. Chukua udongo wa chini, ufinyange, uangushe kutoka kiunoni. Ukisambaa kama unga, rudi nyumbani. Ukikaa bonge, na utabiri wa siku kumi unataja mvua katika maeneo mengi, panda siku hiyo hiyo au kesho yake, kina sentimita 5, bila kungoja wiki.

Najua kinachowaharakisha: trekta la kukodi lipo leo, kesho linakwenda kijiji kingine. Basi lilime, mbegu ibaki nyumbani. Waingereza walileta matrekta mengi hapa hapa Kongwa mwaka 1947 kwa mradi wao wa karanga, na mwaka 1951 wakauacha. Ukame ulikuwa miongoni mwa yaliyowashinda.

Uwele na mtama vinavumilia kupandwa kwenye vumbi, anayetaka apande. Mahindi yakichomoza sawasawa ndani ya siku 5 hadi 8, umepatia. Chupa iacheni pale pale hadi Aprili, maana Februari mvua ikikatika mtaihitaji kabla ya kumwaga mbolea ya urea.