Mwenza wako anapowaza kujiua: mambo ya kupanga mapema

Panga haya siku ambayo mwenza wako ameamka vizuri, amekula na anaongea. Usiku wa taharuki hakuna anayekumbuka kadi ya kliniki iliko.

Kwanza muulize, tena kwa neno lenyewe: "Baba Neema, unafikiria kujiua?" Tumezoea kuzungukazunguka, mara mbona umekonda, mara una mawazo gani. Kuuliza waziwazi hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na wengi hupumua wakiulizwa. Akikubali, usimkemee, wala usimwambie awafikirie watoto. Hatia anayo ya kutosha. Muulize kama ameshapanga namna na siku. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo, na aende hospitali leo hii.

Kazi kubwa iko ndani ya nyumba. Huku mkoani Tabora, Urambo, Kaliua na Sikonge, tunalima tumbaku, na dawa za wadudu zinazokuja na mbolea ya mkopo mara nyingi huishia uvunguni, kwa kuogopa wezi. Zitoke. Msukumo wa kujiua mara nyingi hupanda ghafla kisha hushuka, hivyo kizuizi cha saa chache tu kinaweza kumwokoa mtu. Usizifiche darini, nyumba hiyo anaijua kama wewe. Zipeleke kwa ndugu mwenye stoo ya kufunga, na siku ya kupiga dawa apige mtu mwingine. Vidonge vyote shika wewe, hata vile alivyoandikiwa, umpe dozi kwa dozi. Ila mwambie unachofanya na sababu yake. Akigundua mwenyewe atajiona mfungwa, na hatakwambia kitu tena.

Tabora mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete. Wa Kigoma wana Maweni. Ukiwa kijijini anzia zahanati au kituo cha afya, uliza rufaa inapatikanaje na kliniki ya afya ya akili huwa siku gani. Uliza sasa. Kadi ya bima, karatasi za kliniki na nauli vikae kwenye mfuko mmoja. Ongea na dereva anayekubali kuamshwa usiku. Gari ni bora; ikibidi pikipiki, ndugu akae nyuma ya mgonjwa.

Wengi hunyamaza kwa kuogopa polisi. Ni kweli, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kujaribu kujiua kuwa kosa. Kuwa na mawazo hayo na kutafuta matibabu si kosa.

Dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na asiziache ghafla eti amepona. Akitaka maombi au dua, nenda naye, mradi dawa zisisimame. Sioni sababu ya kugombana naye kwa hilo. Wiki za mwanzo baada ya kutoka wodini ndizo za kukaa naye karibu zaidi, hata kama anacheka.

Na wewe huwezi kukesha peke yako mwezi mzima. Mwombe mwenza wako akubali watu wawili wajue, mathalani kaka yake na jirani mwenye kifua cha kutunza siri, mgawane zamu. Zamu yao ikifika, zima simu ulale.