Somo: Kuvuka ghorofa zote tano za Kung-Fu Master

Gemu hili la mapigano la kampuni ya Irem lilitoka 1984, na lina kijiti kimoja na vitufe viwili: ngumi na teke. Kuruka unasukuma kijiti juu, kuchutama unakivuta chini. Stelingi ni Thomas, anamfuata Sylvia aliyetekwa na Mr. X. Wengi wanafia njiani kwa kubonyeza ovyo, wakati kinachoamua hapa ni umbali.

1. Teke linafika mbali. Ngumi ni fupi, ila inauma zaidi na ina pointi nyingi. Anza na teke. Ngumi itumie ukishazoea kumngoja adui asogee.

2. Wanaokuja kukukumbatia ndio wanaomaliza watu. Wakishakushika hupigi tena, na damu (kipimo cha uhai wako) inashuka mfululizo. Tikisa kijiti kushoto kulia harakaharaka mpaka wadondoke. Wakija mbele na nyuma, mpige aliye karibu, geuka papo hapo. Usimsubiri wa pili akuguse.

3. Mtupa visu anakufa kwa mapigo mawili. Kisu cha juu, chutama; cha chini, ruka. Mfuate mara moja, ukimpa nafasi atakushikilia pale pale huku wengine wanajaa mgongoni.

4. Ghorofa ya pili vyungu vinadondoka na kutoa nyoka: ruka. Usisimame chini ya kitu kinachoshuka. Wale maadui wafupi, ukichutama wanapiga sarakasi na kukutua kichwani, kwa hiyo chutama pale tu unapopiga.

5. Mabosi, yaani adui mkubwa anayekungoja mwisho wa kila ghorofa: mwenye fimbo, mwenye bumerangi, jitu, mchawi, kisha Mr. X. Kwa mwenye fimbo ingia ndani ya urefu wa fimbo yake, chutama, mpige mateke ya chini. Bumerangi inarudi, usiisahau ikishakupita. Mr. X anakinga sana. Changanya mapigo ya juu na ya chini.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nasukuma kulia mwanzoni lakini siendi popote?*
Ghorofa ya 1, 3 na 5 unaelekea kushoto. Ya 2 na 4 ndiyo kulia.

*Mchawi nimemkata kichwa, kikaota kingine. Imeharibika?*
Haijaharibika. Kichwani unapoteza muda, mpige sehemu ya chini ya mwili.

*Nikimngoja kila adui, muda hautaisha?*
Muda ukiisha unapoteza maisha moja, kweli. Ngoja sekunde ya pigo tu, halafu songa. Muda na damu vinavyobaki mwisho wa ghorofa vinageuzwa pointi.

*Mbona kwingine naona limeandikwa Spartan X?*
Ndilo jina lake Japani. Ni jina la Kijapani la Wheels on Meals, filamu ya Jackie Chan, na Thomas na Sylvia wametoka humo.

*Nikimpiga Mr. X ndiyo mwisho?*
Sylvia anaokolewa, halafu unarudishwa ghorofa ya kwanza, maadui wakiwa wagumu zaidi.