SOMO: Kuamsha injini ya Land Rover 109 ya petroli iliyolala miaka mingi

Wakuu, tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, naulizwa jambo moja bila kupumzika: "Nimeachiwa 109 na marehemu babu, imekaa juu ya mawe tangu niko shule, nimenunua betri mpya, naiwashaje?" Nimejibu hadi vidole vinauma. Naliweka hapa lote, atakayeuliza tena ataelekezwa huku.

Somo ni la injini ya petroli ya silinda nne, cc 2286, iliyofungwa kwenye matoleo ya Land Rover yaitwayo Series II, IIA na III. Dizeli ina mambo yake, haimo humu. Na niseme mapema ninachokiamini: injini hizi haziuawi na kulala. Zinauawa siku mtu anapofunga betri na kupiga stata bila kujua ndani kukoje.

1. Zuia magurudumu, weka gia huru. Betri isifungwe bado.

2. Tafuta panya na nyigu. Fungua filta ya hewa, chungulia bomba la ekzosi, fuata nyaya zote kwa mkono. Nyaya zilizotafunwa ndizo zinazochoma magari.

3. Puliza vumbi kuzunguka plagi, kisha zifungue zote nne na uzipange chini kwa mpangilio wa silinda. Namba 1 ni ya upande wa rejeta. Plagi yenye kutu inakuonyesha silinda iliyoingiwa na unyevu.

4. Changanya oili ya gia otomatiki, ile nyekundu, na dizeli nusu kwa nusu. Mimina kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa katika kila silinda. Acha siku kadhaa, ukiongeza palipokauka. Ikishuka haraka kwenye silinda moja, usishtuke, inapita kwenye ringi za pistoni kwenda kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo maana oili ya injini tunabadilisha baada ya hatua hii, si kabla.

5. Kuzungusha kwa mkono. Hapa someni taratibu, kwa sababu hatua hii iliwahi kunigharimu konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki. Mchanganyiko uliomimina umekaa juu ya pistoni, na kimiminika hakibanwi kama hewa. Ukirudisha plagi halafu ukazungusha, pistoni inapanda, inakutana na oili isiyo na pa kwenda, na kinachopinda ni konrodi. Unaweza usijue siku hiyo. Injini itawaka, itagonga kidogo, na baada ya muda utatoboa bloku. Kwa hiyo PLAGI ZIKAE NJE mpaka nitakaposema zirudi. Funika matundu kwa kitambaa, usisogeze uso karibu, maana mchanganyiko utaruka kwa nguvu.

Ingiza handeli kupitia bampa la mbele. Switchi imezimwa, gia huru. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, usikizungushe kukumbatia handeli. Vuta kwenda juu, usikandamize kwenda chini. Injini ikipiga teke siku ya kuwasha, mkono uliokumbatia handeli huvunjika, kwa hiyo zoea mshiko huu tangu sasa.

Ikikataa, usitundike bomba refu kwenye handeli. Handeli inazungusha upande mmoja tu, na injini iliyonasa inataka kutikiswa mbele na nyuma. Weka gia ya nne, ondoa vizuizi, msukume gari mbele inchi moja, nyuma inchi moja, watu wawili tu. Ikigoma, ongeza mchanganyiko, rudi kesho kutwa. Nimeona iliyokubali baada ya wiki tatu. USIIVUTE NA GARI LINGINE IKIWA KWENYE GIA. Ringi zilizoshikwa na kutu hukatika vipande, na kipande kimoja kinatosha kuchana ukuta wa silinda.

Ikiachia, endelea mpaka ikamilishe mizunguko kadhaa bila kukwaruza.

6. Valvu. Kava ya tapeti ina nati tatu tu, ifungue. Dondoshea oili kwenye shina la kila valvu. Mwenzako azungushe handeli polepole, wewe tazama: roka zote nane, ile mikono inayosukuma valvu, zishuke na kurudi juu. Valvu ikishuka isirudi, simamisha hapohapo. Ilowanishe, iguse kwa nyundo ya mpira, kwa subira. Ukilazimisha, pushi rodi itapinda. Zikishakubali zote, weka nafasi ya tapeti, yaani mwanya kati ya roka na shina la valvu, milimita 0.25, valvu za ingizo (hewa na petroli) na tokeo (moshi) sawa. Njia rahisi ni hesabu ya tisa, namba ya iliyo wazi na ya unayorekebisha zijumlishwe kuwa tisa: valvu ya 8 ikiwa wazi kabisa, rekebisha ya 1. Ya 6 ikiwa wazi, rekebisha ya 3. Hivyo hivyo mpaka ziishe.

7. Mwaga oili ya zamani, badilisha filta, weka mpya kama lita 6 na ya kujaza filta. Kwenye filta ya bakuli, mpira wa zamani huganda ndani ya mfereji wake. Uchomoe kwa sindano. Ukiweka mpya juu ya wa zamani, oili yote itamwagika chini ndani ya dakika.

8. Maji: toa ya zamani, suuza mpaka yatoke meupe, badilisha mipira iliyopasuka. Weka kulanti (dawa ya rejeta), maji ya bomba peke yake yanarudisha kutu.

9. Petroli iliyolala inanuka kama vanishi. Imwage yote. Fungua kabureta, safisha jeti na sindano ya floti, safisha bakuli la kioo la pampu. Kwa siku ya kwanza usitegemee tanki, chukua petroli safi kwenye kidumu kwa mpira mpya, kisha piga ile wenzo ndogo ya mkono kwenye pampu mpaka kabureta ijae. Msimwagie petroli mdomoni mwa kabureta huku mwenzenu anapiga stata. Injini ikirudisha moto, mtaungua.

10. Moto wa plagi. Platini, zile ncha za kukata umeme ndani ya distribyuta, zisugue kwa msasa laini, nafasi milimita 0.35 hadi 0.40. Plagi 0.75 hadi 0.80. Mpangilio wa kuwaka silinda ni 1-3-4-2, na rota ya distribyuta inazunguka kinyume cha saa. Kabla ya kufunga betri hakikisha ethi, yaani upande wa betri unaofungwa kwenye bodi: za zamani, kabla ya 1967, ethi yake ni chanya. Ukigeuza kwenye yenye altaneta, umeiua.

11. Sasa betri. Plagi zikiwa bado nje, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Hapo ndipo plagi zinarudi. Vuta choki, washa. Moshi utakuwa mwingi kwa sababu ya ule mchanganyiko, uache uishe. Taa ya oili isipozima mara moja, zima injini. Taa ikizima, shika mwendo wa injini juu kidogo ya sailensa (mwendo wake bila kukanyaga mafuta) mpaka ipate joto, ukitazama uvujaji.

Breki ni somo jingine. Gari lisitoke uani kabla hazijafunguliwa na kukaguliwa.

MASWALI

Mtoto wa Njombe: Mkuu somo zuri sana. Sasa mimi yangu nikifunga betri nikajaribu stata kidogo tu, si nitajua kama nzima?

Jibu: Hujasoma. Anza hatua ya 1.

Kamanda78: Bei ya kazi yote inafika ngapi? Na naomba namba ya fundi Dodoma.

Jibu: Sijaiona gari, siwezi kutaja bei. Namba za watu siweki hapa.

Dereva Mstaafu: Mimi nimeendesha hizi gari miaka mingi. Tulikuwa tunavuta na Bedford, gia ya pili, zinawaka. Mnawatisha vijana bure.

Jibu: Shikamoo mzee. Mlikuwa mnavuta gari lililozimika jana au wiki iliyopita, lenye oili ukutani na betri iliyochoka. Hilo sina ugomvi nalo. Hapa naongelea injini ambayo ringi zimeshikana na silinda kwa kutu. Hayo ni mambo mawili, na kwa hili la pili siondoi neno hata moja.

Binti Mhehe: Fundi, asante. Ya baba ni ya 1973. Nimetoa plagi, ya silinda 3 ina kutu, nyingine kavu. Kwa nini moja tu? Na nitajuaje kama silinda imekufa kabla sijaingia gharama?

Jibu: Dada, umetazama vizuri. Injini ikisimama, kila silinda inabaki mahali pake: baadhi valvu zote zimefunga, mojawapo tokeo liko wazi. Iliyo wazi inapumua na nje kupitia ekzosi, masika hadi masika, na unyevu unaingia. Yaelekea ya 3 ndiyo iliyobaki wazi. Mulika tochi kwenye tundu la plagi: kutu ya unga mwekundu hufutika, mashimo mashimo ukutani ndiyo mabaya.

Ikishazunguka, azima geji ya kompresheni. Pima zote nne, andika. Kisha mimina kijiko cha oili kwenye iliyo chini, pima tena. Ikipanda, tatizo ni ringi au ukuta. Isipopanda, ni valvu, na hapo unashusha silinda hedi tu bila kugusa chini. Usikate tamaa kwa kipimo cha kwanza. Ringi zilizolala hufunguka zenyewe injini ikifanya kazi kwa saa chache, kwa hiyo pima tena baadaye. Nitafurahi ukileta namba hapa.

Binti Mhehe: Na kwa nini oili ya gia, si ya injini?

Jibu: Ya injini ni nzito, inakaa juu. Hii nyekundu ni nyepesi na ina viungo vya kusafisha, ikichanganywa na dizeli inapenya kwenye ringi.

Mkulima wa Karatu: Hizi injini zilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi. Ya sasa haiziui?

Jibu: Swali la maana. Kufikia 2006 kusini mwa Sahara risasi ilikuwa imeondolewa, na Land Rover bado zinatembea. Kinachoweza kuliwa ni kiti cha valvu ya tokeo. Pima tapeti kila ukibadilisha oili. Ya tokeo ikiwa inakaza kila mara, kiti kinazama, weka vya chuma kigumu siku utakaposhusha hedi. Ikitulia pale pale, usitumie hela.

Mombasa Raha: Mkuu, mimi niko na Peugeot 504, zile ziliundwa huku kwetu. Hatua ni zilezile?

Jibu: Nyingi ndizo, lakini shika mawili. Silinda namba 1 iko upande wa flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini, kwenye klachi), si wa rejeta, wengi hukosea nyaya hapo. Pili, silevu zake, yaani mirija ambamo pistoni hutembea, zinakaa ndani ya maji. Ukishusha hedi, zibane kwanza kabla ya kuzungusha krenki, la sivyo zinanyanyuka na maji yanaingia kwenye oili.

Mtoto wa Njombe: Nimesoma yote sasa mkuu. Imezunguka na imewaka! Ila klachi haikati, gia haziingii kabisa.

Jibu: Hongera. Sahani ya klachi imegandana na flaiwili. Hakikisha kwanza silinda ya klachi chini inasukuma. Kama inasukuma, pasha injini joto, zima, kandamiza pedali ya klachi na uikaze kwa gongo la mti mpaka asubuhi. Ikigoma, niambie, lakini usiiwashe ikiwa kwenye gia mpaka breki ziwe zimefunguliwa.