Kusoma vipimo vya maji ya tangi la samaki katika joto la pwani ya kusini

Namba moja ya kipimo cha maji, ikisomwa peke yake, huweza kumdanganya mfugaji. Jambo hili lina uzito zaidi kwetu tunaofuga samaki wa mapambo Mtwara na Lindi, kwa kuwa maji ya tangi huku hufika nyuzi 28 bila kupashwa joto, na visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe karibu na bahari hutoa maji magumu, yaani yenye madini mengi ya chokaa, ambayo pH yake (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) imevuka 7.

Tuanze na amonia, ambayo samaki huitoa kupitia matamvua, na ambayo hutokana pia na chakula kinachooza chini ya tangi. Vipimo vya kawaida hujumlisha amonia ya aina mbili, yaani ile yenye madhara madogo na ile inayounguza matamvua, na kinachoamua uwiano wa hizo mbili ni pH pamoja na joto. Katika maji ya nyuzi 28 yenye pH 7, ile ya sumu haifiki asilimia 1 ya kiasi kilichosomwa, lakini pH ikiwa 8 inapanda hadi kati ya asilimia 6 na 7. Kwa hiyo kipimo cha miligramu 1 kwa lita, ambacho samaki wa maji ya mvua, yenye pH isiyozidi 7, wanaweza kukivumilia kwa siku chache, kinawadhuru samaki wa maji ya kisima siku hiyohiyo. Ndiyo maana sikubali kutafsiri amonia kabla ya kuona pH.

Hatari nyingine ya namba hizi mbili imejificha katika tiba yenyewe. Tangi lililokaa muda mrefu bila kubadilishwa maji, hasa lililojazwa maji ya mvua kama yanayovunwa Newala na Tandahimba, huweza kushuka pH hadi 6, na amonia ikarundikana humo bila samaki kuonyesha dalili. Ukimwaga nusu ya maji na kujaza ya kisima kwa mkupuo, pH inapanda na amonia iliyotulia inageuka sumu. Niliwahi kufanya hivyo kwa nia njema, nikapoteza samaki wote kabla ya jioni, na bado naumia nikikumbuka. Katika hali hiyo, badilisha sehemu ndogo tu, kama moja ya kumi, kila siku, huku ukipima.

Bakteria wanaoishi kwenye sponji ya kichujio huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Tangi jipya huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kuwajenga, na katika kipindi hicho amonia hupanda kwanza, nitriti ikafuata. Nitriti huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, hivyo samaki huhema juu ya maji ingawa pampu ya hewa inafanya kazi. Badilisha robo ya maji, punguza chakula, na weka gramu 1 ya chumvi ya kawaida kwa kila lita, kwa sababu kloridi ya chumvi huizuia nitriti kuingia kupitia matamvua. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza, na sponji isioshwe kwa maji hayo bali kwa maji yaliyotolewa tangini.

Nitrati ina nafuu. Ibaki chini ya miligramu 40 kwa lita. Pima pia maji ya kisima kabla ya kuyatumia, kwani kisima kilicho karibu na choo cha shimo huweza kuja nayo tayari. Chupa za dawa ya kipimo hiki zitikiswe kwa nguvu, la sivyo zitasoma chini ya ukweli.

Vipimo vya karatasi huharibiwa na unyevu wa pwani, kwa hiyo vifungwe mara tu unapochomoa kimoja, na rangi isomwe kwenye mwanga wa mchana kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria wa kichujioni huweza kufa kwa kukosa oksijeni. Umeme ukirudi, pima amonia na nitriti, wala usiwape samaki chakula mpaka zote mbili zisome 0.