SOMO: Kuhama Mwanza kwenda Dar kusoma uzamili Mlimani, hatua kwa hatua

Wakuu, barua za udahili zikianza kutoka, maswali huwa ni yale yale. Mimi nilitokea Mwanza, na tangu nifike nimewapokea wenzangu kadhaa waliofuata njia hiyo hiyo, kwa hiyo ninayoyaandika nimeyaona kwa karibu. Somo hili ni la anayetoka Kanda ya Ziwa kuja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani. Wa vyuo vingine achukue kinachomfaa.

Msimamo wangu ni huu: usilipie chumba ambacho hujakiona kwa macho yako, na usikae mbali na chuo kwa kufuata unafuu wa kodi.

Hatua ya 1: Malizana na mwajiri

Kama ni mtumishi wa umma, ruhusa ya masomo iwe ya maandishi na nakala ibaki mkononi mwako. Maneno ya "nenda tu, tutalishughulikia" hayatakulinda, maana ukiondoka bila kibali unahesabika mtoro kazini, na utoro wa zaidi ya siku tano unaweza kukutoa kazini. Anza kufuatilia siku ile ile unayopata barua ya udahili.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kuanzia maisha

Watu huhesabu ada na nauli, wakasahau kwamba kodi ya Dar hailipwi mwezi kwa mwezi. Wenye nyumba wengi wanataka ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali naye anachukua ya mwezi mmoja. Chumba cha shilingi 150,000 kwa mwezi, ukilipa miezi sita, ni 900,000. Ongeza 150,000 ya dalali, unafika 1,050,000 kabla hujanunua godoro. Fedha hiyo iwe mkononi kabla ya safari. Boom (fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi) au mshahara wa mwezi ujao usiuhesabu.

Hatua ya 3: Safari

Basi la moja kwa moja kutoka Nyegezi linapita Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, na linakushusha Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Ukiwa na mabegi mawili tu, unaweza kushuka Dodoma ukapanda treni ya SGR. Nauli ya kawaida Dodoma hadi Dar ilianza na shilingi 31,000 mwaka 2024, na unakwepa foleni ya kuingia mjini kutokea Kibaha. Ila treni inakufikisha katikati ya jiji, kwa hiyo mwenye mizigo mingi abaki na basi.

Ukishuka Mbezi usiku, usianze kuhangaika na mabegi. Lala gesti jirani na stendi, asubuhi upande daladala ya Mawasiliano, kisha uunganishe ya kuingia chuo.

Hatua ya 4: Kutafuta chumba

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mwaka mzima unapoharibika au kutengemaa.

Fikia kwa ndugu au rafiki kwanza, hata kama ni Mbagala, utafute ukiwa hapa hapa. Maeneo ya kuangalia ni Changanyikeni, Msewe, Savei, Mlalakuwa, Makongo na Sinza. Kimara kodi inapungua na mwendokasi (mabasi yaendayo haraka) upo, lakini asubuhi jiandae kusukumana. Uzamili una vipindi vya jioni, na maktaba mpya iliyofunguliwa 2018 ni mahali pa kukaa hadi usiku unapoandika tasnifu. Anayekaa Chanika hawezi kufanya hivyo, muda wake unaishia barabarani.

Masomo huanza Oktoba au Novemba, wakati vuli inaingia. Shukuru kwa hilo: nenda ukaangalie chumba siku mvua imenyesha. Chungulia ukuta wa nje karibu na msingi. Ukiona mstari wa tope uliokauka, au rangi mpya iliyopakwa chini peke yake, jua maji huwa yanafika hapo. Kisha onja maji ya bomba, kwani nyumba nyingi zinatumia kisima na maji yake ni ya chumvi. Uliza kama LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni yako peke yako au mnachangia. Mkichangia, mwenye friji na mwenye taa moja mtagombana kila wiki. Maswali haya muulize mpangaji anayefua uani, dalali muache pembeni.

Mkataba uandikwe, na risiti ya kodi uichukue siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Serikali ya mtaa

Jitambulishe kwa mjumbe na ofisi ya mtaa. Siku utakapohitaji barua ya utambulisho, hutaanza kuulizwa wewe ni nani.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, dalali amenitumia picha WhatsApp, anataka nusu ya kodi ili "akishikilie". Niko Geita. Nitume?

Jibu: Usitume hata shilingi. Chumba kikichukuliwa, kingine kipo. Kama una mtu Dar unayemwamini, aende akakione na azungumze na mwenye nyumba mwenyewe.

Swali: Nisafirishe kitanda, kabati na friji, au niuze?

Jibu: Uza kitanda na kabati, hapa mafundi wamejaa. Friji kama ni zima, ipeleke ofisi ya mizigo ya basi, andikisha thamani yake kwenye risiti na umpe mtu wa kuipokea.

Swali: Hosteli za chuo je?

Jibu: Omba mapema, lakini nafasi ni chache kuliko waombaji. Endelea na mpango wa chumba mpaka upate jibu.

Swali: Shikamoo kaka. Nina mtoto wa miaka mitatu, mume anabaki Bukoba. Nije naye?

Jibu: Marahaba dada. Kama bibi yake anaweza kukaa naye muhula wa kwanza, njoo kwanza peke yako. Miezi hiyo utapata chumba, utaijua ratiba yako, na utatafuta shule ya awali ya kutembea kwa miguu kutoka nyumbani. Likizo ikifika umfuate. Kama hakuna wa kumwachia, njoo naye pamoja na msichana wa kazi mnayemfahamu tayari, na tafuta chumba na sebule Changanyikeni au Msewe, ili kipindi kikiisha uwe umefika kwake ndani ya nusu saa.