Jinsi ya Kuchagua Sari ya Sikukuu na Hija ya Kihindu

Anayenunua sari kwa ajili ya sikukuu au hija ya Kihindu mara nyingi hutazama rangi kwanza, kisha bei, na mambo mengine yote huyaacha yaamuliwe na muuza duka. Ni afadhali aanze kwa kujiuliza atakuwa akifanya nini siku hiyo, kwani sari ya kukalia mkekani nyumbani wakati wa sala ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, haifai kwa mtu atakayesimama mtoni alfajiri, wala kwa atakayepanda mlima kwa miguu.

Mfano mzuri ni Chhath, sikukuu kubwa ya watu wa jimbo la Bihar nchini India inayofikia kilele siku ya sita baada ya Diwali. Mwanamke aliyefunga bila kula wala kunywa maji huingia mtoni jioni na kulitolea sadaka jua linalotua, kisha hurudi kabla ya mapambazuko kulisubiri lichomoze. Vazi la siku hiyo kwa desturi ni sari ya pamba isiyo na mapambo mengi, aghalabu ya manjano, ya rangi ya chungwa au nyekundu. Hariri yenye zari, yaani nyuzi za dhahabu au fedha, ikilowa huwa nzito, huganda miguuni, na rangi yake huweza kuchuja.

Huko Rameswaram, kusini kabisa mwa India, hekalu la Ramanathaswamy lina visima 22 vitakatifu. Mhujaji hupita kisima baada ya kisima akimwagiwa maji kwa ndoo, sakafu ya mawe ikiwa imelowa na kuteleza, na akimaliza hana budi kubadili nguo kabla ya kwenda kumwona mungu Shiva, kwa kuwa haruhusiwi kuingia na nguo zilizolowa. Kwa hiyo safari hiyo inahitaji sari mbili: ya kuogea, iwe ya pamba yenye rangi iliyokolea ili isionyeshe mwili inapolowa, na ya kuvaa baadaye, ikae katika mfuko usioingiza maji. Anayekwenda kwenye hekalu la Kedarnath milimani Himalaya, mahali palipo mita 3,583 juu ya usawa wa bahari, avae suruali ya sufu ndani na afunge sari juu kidogo ya kifundo cha mguu. Baridi ya Himalaya haimhurumii mtu kwa sababu amekuja kuabudu.

Mahekalu mengine yana masharti ya mavazi yanayosimamiwa mlangoni. Katika hekalu la Padmanabhaswamy mjini Thiruvananthapuram, mwanamke aliyevaa suruali hutakiwa kufunga shuka juu yake, ilhali mwenye sari hupita bila usumbufu. Kwa hekalu lolote usilolijua, uliza masharti yake kabla ya kufunga mizigo.

Baada ya hayo ndipo uje kwenye rangi, na hapa mgeni hukosea kwa kudhani kwamba Wahindu wote wana desturi moja. Nyeupe, ambayo katika sehemu nyingi za kaskazini ni rangi ya ujane na msiba, huko Kerala huvaliwa kwa furaha siku ya Onam, sikukuu ya mavuno, kitambaa kikiwa cha rangi ya maziwa na pindo likiwa la dhahabu. Huko Bengal, sari nyeupe yenye pindo jekundu ndiyo vazi la wake za watu wakati wa Durga Puja, sikukuu ya mungu wa kike Durga. Siku ya mwisho wanawake hao humpaka mungu Durga unga mwekundu wa sindoor, kisha hupakana wao kwa wao mashavuni na kwenye paji la uso. Kwa kuwa unga huo hung'ang'ania kitambaa, namshauri atakayeshiriki avae ya pamba na kuiacha ya hariri kwa sala za siku zilizotangulia. Nyeusi nayo huepukwa katika ibada nyingi, lakini watu wa jimbo la Maharashtra huivaa makusudi katikati ya Januari, siku ya sikukuu ya Makar Sankranti, kwa sababu ni msimu wa baridi na nyeusi huhifadhi joto. Kwa siku tisa za sikukuu ya Navaratri, familia nyingi za Maharashtra na Gujarat hufuata orodha ya rangi tisa, moja kwa kila siku, na kwa kuwa mpangilio wake hubadilika mwaka hadi mwaka, itazame orodha ya mwaka huu kabla ya kununua.

Kwa sala ya nyumbani au ya hekaluni isiyo na maji mengi, hariri ndiyo inayoheshimiwa zaidi, na familia nyingi za kusini huwa na sari maalumu ya hariri isiyovaliwa ila kwa ibada. Ipo pia sababu ya kiusalama. Penye moto wa homa, yaani ibada ya kutoa sadaka motoni, na taa za samli, kitambaa cha poliesta kikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, kwa hiyo karibu na moto vaa hariri au pamba tu. Wako waumini wanaoikataa hariri ya kawaida kwa sababu vifukofuko vya nondo wa hariri huchemshwa mdudu akiwa hai ndani yake. Hao huchagua pamba, au ile iitwayo hariri ya ahimsa (yaani ya kutodhuru), ambayo nyuzi zake huchukuliwa baada ya nondo kutoka. Haing'ai sana, nayo ni ghali zaidi, lakini kwa mtu anayekwenda kuomba naiona kuwa chaguo la heshima kubwa.

Ukiwa dukani, igeuze sari utazame upande wa ndani kabla ya kusifu upande wa nje. Sari ya Kanchipuram, mji wa kusini mwa India, ikiwa ya njia ya zamani hufumwa pindo na mji (sehemu ya katikati) kwa nyuzi za rangi tofauti, kwa vifaa vitatu vya kupitishia uzi na watu wawili katika kitanda kimoja cha mfumi, na mahali rangi hizo zinapokutana utaona nyuzi zimeshikana kama meno madogo. Pitisha kidole hapo uhisi muungano huo. Katika sari ya Banarasi, yaani ya mji wa Varanasi, iliyofumwa kwa mkono, kingoni mwa kitambaa huwa na vitundu vidogo vilivyoachwa na pini za kukinyoosha kilipokuwa kikifumwa. Zari ya asili ni uzi wa hariri uliozungushiwa fedha na kupakwa dhahabu, na ukiukwaruza taratibu uzi wa hariri huonekana ndani, mara nyingi mwekundu, ilhali zari ya plastiki huonyesha uzi mweupe. Omba pia uzi mmoja kutoka ukingoni uuchome: hariri hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalovunjika, lakini poliesta huacha kidonge kigumu. Nchini India lebo ya Silk Mark, iliyoanzishwa mwaka 2004, huthibitisha kuwa hariri ni halisi, lakini haithibitishi kwamba sari imefumwa kwa mkono.

Katika miji kama Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, ambako familia nyingi za Kihindu zina asili ya Gujarat, pamoja na eneo lake la Kutch, utakutana sana na bandhani, kitambaa ambacho hufungwa mafundo madogo kwa uzi kabla ya kutiwa rangi. Ya kweli ina vidoto visivyolingana sawasawa na uso uliojikunja kidogo, na usikubali ipigwe pasi mpaka mikunjo yote iishe. Ya kuchapwa ni bapa, na vidoto vyake vyote hufanana.

Sari ya kawaida ina urefu wa mita 5.5 hivi, na nyingi huja na kipande cha blauzi. Kwa hekaluni blauzi ifunike mgongo, na gagulo liwe la pamba, kwani la kitambaa cha kuteleza huyaachia marinda ukikaa chini na kuinuka mara nyingi. Sari ya hariri ikishavaliwa, ianike kivulini saa chache, uifunge kwa kitambaa cha pamba badala ya mfuko wa plastiki, na kila baada ya miezi michache uibadilishe mikunjo ili zari isikatike pale pale. Manukato jipake kabla ya kuivaa, kwa sababu yakiifikia zari huifanya iwe nyeusi.